Dawa za Miti na Vidonda vya Tumbo: Yaliyothibiti na Yasiyothibiti

  

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi hapa Habaswein tumeletewa masuali ambayo si mara ya kwanza kuletwa. Ndugu zetu wamejadiliana sana juu ya dawa za miti zinazouzwa sokoni na majumbani, ambazo wauzaji wake wadai ya kwamba zalilinda tumbo lisipate vidonda, na lile lililokwisha kupata zaliponya. Mmoja ameuliza: Je, madai haya ni kweli? Wa pili akauliza: Na tukiyakanusha, je, hatutakuwa tumeikanusha tiba aliyotufundisha Mtume (s.a.w.)? Suali la tatu limetoka upande wa wanawake, nalo lahusu saumu. Kwa kuwa masuali haya yamefungamana, tumeona ni vyema kuyaandika, ili ayasome na yule asiyeweza kuhudhuria darsa, akiwa Wajir au Garissa au nyuma ya ngamia wake huko upande wa Lorian.

Kwanza yatupasa kufahamu kidonda cha tumbo ni kitu gani, kwa sababu watu wengi wa kwetu hulipa jina hilo kila ungulizo la kifua na kila gesi ya tumbo. Kidonda cha tumbo ni jeraha khasa, shimo lililochimbika katika ngozi ya ndani ya tumbo au ya mwanzo wa utumbo mwembamba. Mwenyezi Mungu ameliumba tumbo likitoa maji makali ya tindikali yenye kuyeyusha nyama tunayokula. Na ajabu ya uumbaji wake ni kuwa tumbo lenyewe nalo ni nyama, na haliyeyuki. Haliyeyuki kwa sababu limevikwa ute mzito, na chini ya ute huo hutoka maji ya magadi yenye kuvunja ukali wa tindikali, na damu hupita hapo daima ikitengeneza palipochubuka. Mambo haya huendeshwa na vitu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, navyo huitwa prostaglandini. Ukikumbuka jina hili moja utafahamu sehemu kubwa ya somo hili.

Kwa miaka mingi mabingwa wa utabibu waliamini ya kwamba vidonda hivi vyatokana na fikira nyingi, na hasira, na pilipili. Mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walitambua kuwa katika matumbo ya wagonjwa hawa mna kijidudu chembamba kilichopinda, kinachoishi ndani ya ule ute wenyewe. Wengi hawakuwasadiki, wakisema hapana kijidudu kiwezacho kuishi katika tindikali. Mwaka 1984 Marshall alikinywa kijidudu hicho kwa makusudi, na baada ya siku chache tumbo lake likawaka. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho chaitwa Helikobakta pilori. Watu wengi wa Afrika wanacho, na aghalabu mtu hukipata utotoni nyumbani kwao. Lakini wachache tu miongoni mwao ndio watokwao na vidonda.

Sababu ya pili ni vidonge vya maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zake. Vidonge hivi hutuliza maumivu kwa kuzuia zile prostaglandini, na kwa kufanya hivyo huliondolea tumbo ngao yake. Sababu hizi mbili ndizo zinazoleta vidonda vilivyo vingi. Mwenye kusema kuwa dawa yake yaponya vidonda, suali la kwanza la kumuuliza ni hili: Je, yakiua kijidudu? Au yarudisha ngao? Au yapunguza tindikali? Maana kutuliza maumivu peke yake si kuponya.

Sasa twende kwenye mizani ya kupimia madai. Baadhi ya ndugu zetu hudhani ya kwamba kupima dawa kwa majaribio ni bidaa iliyoletwa na Wazungu. Hilo si kweli, na kwetu ni aibu kulisema. Abu Ali Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 wa Hijra, yaani 1037, ameweka katika kitabu cha pili cha al-Qanun masharti ya kuijua dawa kwa majaribio. Miongoni mwake ameshurutisha kuwa dawa iwe safi, haikuchanganyika na kitu kilichoigeuza tabia yake. Na ijaribiwe kwa ugonjwa mmoja ulio wazi, si kwa magonjwa yaliyochanganyika. Na uangaliwe wakati wake, kwamba je, nafuu imekuja kwa dawa au imekuja kwa bahati. Na nafuu hiyo ionekane mara kwa mara kwa walio wengi, kwani jambo lililotokea mara moja halihesabiwi. Kisha akashurutisha ya kwamba dawa ijaribiwe kwa mwili wa mwanadamu, kwa kuwa yale yaonekanayo kwa simba au kwa farasi huenda yasiwe hivyo kwa mtu.

Tafadhali liweke sharti hili la mwisho mbele ya macho yako, kwa sababu karibu khabari zote zinazoenezwa leo kuwa mti fulani umethibitishwa kulinda tumbo, ukizifuata mpaka kwenye asili yake, utamkuta panya.

Na majaribio yenyewe hufanywa namna hii. Panya hunyimwa chakula kwa muda wa siku moja hivi. Kisha hunyweshwa maji ya mti uliochemshwa au kukamuliwa. Baadaye hunyweshwa pombe kali, au hupewa kidonge cha maumivu kwa wingi, na baada ya saa moja au chache huuawa, tumbo likapasuliwa, yakapimwa madoa ya damu yaliyomo. Yakiwa madogo kuliko ya panya wenziwe waliopewa maji matupu, husemwa: mti huu hulinda. Wala si uwongo, umemlinda. Lakini mwanadamu wa Habaswein hanywi pombe kali juu ya tumbo tupu, na kidonda chake hakikuzuka kwa saa moja. Kimekaa miezi, na kijidudu kimo ndani ya ute kikifanya kazi yake usiku na mchana. Kumlinda panya asiunguzwe leo ni jambo moja, na kumponya mtu aliyekwisha kuchimbika ni jambo jingine.

Kuna nukta ya ndani zaidi ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1979 huko Marekani, mtaalamu aitwaye André Robert alionyesha ya kwamba panya akipewa prostaglandini kabla, tumbo lake huhimili hata pombe kali. Miaka minne baadaye, mwaka 1983, yeye na wenzake wakaonyesha jambo la ajabu zaidi: panya akipewa kwanza kitu cha kuwasha kidogo, kama pombe iliyopunguzwa au tindikali hafifu, tumbo hushtuka, likatoa prostaglandini zake lenyewe, na likijiwa na kikali baadaye halidhuriki. Fikiri maana yake. Mti wowote wenye ukali kidogo, ukimpa panya kabla ya pombe, waweza kuonekana ni mlinzi, hali yakuwa ulichofanya ni kulichokoza tumbo tu. Ndiyo maana miti iliyofaulu katika majaribio haya ni mingi mno, na miti iliyofika kuwa dawa ni ya kuhesabika kwa vidole.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi, nao ni malmal, ambayo kwa Kiswahili ni manemane. Mti wake humea katika nchi yetu hii kavu ya Wajir na Mandera, na wachungaji huukusanya utomvu wake wakauuza. Akina mama zetu huujua kwa jeraha na kwa kinywa, na wazee huuloweka wakanywa kwa ajili ya tumbo. Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Mfalme Saud, mjini Riyadh, waliijaribu manemane kwa panya. Waliwapa miligramu 250, au 500, au 1,000 kwa kila kilo ya uzito, kisha wakawatia vitu vikali vya kuunguza, na dawa ya maumivu iitwayo indomethasini. Manemane ikawalinda, na kadiri kipimo kilivyozidi ndivyo ulinzi ulivyozidi, na ute wa tumbo ukaonekana kuongezeka. Khabari hii ni ya kweli, na mwenye kuuza manemane akiitaja hakusema uwongo.

Lakini iko khabari ya pili ambayo muuzaji haitaji, nayo yatuhusu sisi wenye mifugo. Mwaka 1999 zilichapishwa khabari za wataalamu wa Sudan walioinywesha manemane mbuzi. Mbuzi waliopewa gramu moja kwa kila kilo ya uzito wao kila siku walisaga meno, wakatokwa na mate, wakaacha malisho, macho yao yakawa manjano, wakalala chini, na baina ya siku ya tano na ya kumi na sita wakafa. Na gramu moja ni miligramu 1,000. Ndicho kipimo kile kile cha juu kilichomlinda panya wa Riyadh. Panya alipewa kwa jaribio fupi akaonekana salama. Mbuzi akapewa kila siku akafa. Hatusemi ya kuwa mwenye kutafuna kipande kidogo cha malmal atakufa, kwani mtu hafikii kipimo hicho kwa kutafuna. Twasema kuwa anayekunywa kikombe kila asubuhi kwa miezi, hali hajui ni gramu ngapi zilizoyeyuka ndani yake, hana haki ya kujituliza kwa khabari ya panya. Na mwanamke mwenye mimba ajiepushe nayo kabisa, maana tangu zamani matabibu waijua kuwa huchochea fuko la uzazi.

Miti mingine tutaipitia kwa haraka. Mshubiri, ambao Wasomali huuita dacar, una vitu viwili ndani ya jani moja, na watu huvichanganya. Yako maji ya manjano machungu yaliyo chini ya ganda, na hayo ni haluli: huendesha tumbo, na mwenye kidonda yatamchosha na kumkausha maji ya mwili. Na uko ute mweupe wa katikati usio na uchungu mwingi; huu ndio waliojaribu kuwapa wagonjwa wa vidonda kule Marekani mwaka 1963, wakasema wamepona, lakini hapakuwa na wagonjwa wengine wa kuwalinganisha nao, na kidonda huenda kikafunga chenyewe kisha kikarudi. Basi sharti la Ibn Sina la kutenganisha dawa na bahati halikutimia. Hali ni hiyo hiyo kwa maji ya kabeji, ambayo daktari Garnett Cheney wa California aliwapa wagonjwa 13 mwaka 1949. Kabeji haina dhara, na mwenye kuipenda na aile.

Mastaki, ile gundi itokayo kisiwa cha Chios na inayotafunwa na watu wa pwani na Uarabuni, ina kisa chenye faida. Mwaka 1998 wataalamu wa Nottingham nchini Uingereza waliandika ya kwamba mastaki huua Helikobakta katika kisahani. Dunia nzima ikaitangaza. Mwaka 2003, katika mji huo huo, wakapewa mastaki wagonjwa wachache wenye kijidudu hicho, kwa wiki mbili; vijidudu vikabaki vile vile. Kisahani hakina ute, wala hakina tindikali, wala hakijisafishi kila baada ya saa chache kama tumbo.

Na ili tusidhaniwe kuwa twaidharau miti, tazama mizizi mitamu ambayo Waarabu huiita irki-sus. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Kiholanzi aliyeitwa Revers aliandika kuwa wagonjwa wake wa vidonda wapata nafuu kwayo, akaona pia ya kwamba baadhi yao huvimba mwili. Wataalamu wa Uingereza wakaifuata khabari hiyo, na katika miaka ya 1960 wakatoa katika mizizi hiyo dawa halisi iliyoitwa kabenoksoloni, iliyoponya vidonda vingi kabla ya kuja dawa zilizo bora kuliko yenyewe. Ule uvimbe ulikuwa ni ishara ya kweli: irki-sus hushika chumvi mwilini, ikapandisha damu. Mwenye ugonjwa wa presha asiitumie kwa wingi.

Mwarobaini haukuwa wa kwetu asili yake, lakini leo hapana mji wa jimbo hili usio na kivuli chake. Mwaka 2004 wataalamu wa mji wa Calcutta, India, walichapisha khabari za wagonjwa wachache waliopewa unga uliotokana na gome la mwarobaini. Kwa kipimo cha miligramu 30, mara mbili kwa siku, kwa siku 10, tindikali ya matumbo yao ilipungua kwa asilimia 77, na waliokuwa na vidonda wakaendelea kwa wiki 10, vidonda vikakaribia kufunga kabisa. Hapa nako sharti la Ibn Sina la mwili wa mwanadamu limeanza kutimia, nasi twafurahi. Lakini angalia kipimo: miligramu 30 ni kiasi cha kushikwa kwa ncha ya kisu, tena ni cha maji ya gome yaliyokaushwa kwa mashine na kupimwa kwa mizani. Mwenye kuchemsha sufuria ya gome au ya majani nyumbani hawezi kujua amekunywa 30 au 3,000. Na mafuta ya mbegu za mwarobaini yasikaribie kinywa cha mtoto mchanga. Yamewahi kuwatia watoto kifafa na kuwaua.

Sasa tumefika kwenye habba sauda, na hapa ndipo palipo suali la pili. Imesihi ya kwamba Mtume (s.a.w.) ameisifu mbegu hii kuwa ni shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim, wala sisi hatuna shaka nayo. Lakini wanavyuoni hawakuisoma kama wanavyoisoma wauzaji. Al-Khattabi, na wengineo baada yake, wamebainisha ya kwamba tamko hili ni la jumla na makusudio yake ni makhsusi. Yaani hufaa kwa magonjwa yanayonasibiana na tabia yake, kwani hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia za dawa zote. Basi mwenye kumpeleka hospitali mwanawe aliyevunjika mguu badala ya kumpa habba sauda hakuikanusha hadithi, na mwenye kupeleka tumbo lake kwa daktari hali yake ni hiyo hiyo.

Na Mwenyezi Mungu amewajaalia Waislamu wenzetu kuijaribu mbegu hii kwa wagonjwa wa tumbo wenyewe, si kwa panya. Khabari yao ilichapishwa Saudia mwaka 2010. Walikuwa wagonjwa 88 wenye maumivu ya tumbo na kijidudu cha Helikobakta, lakini hawakuwa na kidonda, wakagawanywa mafungu manne. Fungu moja walipewa dawa za hospitali za kuua kijidudu. Mafungu matatu wakapewa habba sauda iliyosagwa, gramu moja, au mbili, au tatu kila siku, pamoja na omeprazoli, ambayo ni dawa ya kupunguza tindikali. Waliopewa dawa za hospitali, kijidudu kiliwatoka asilimia 82.6. Waliopewa gramu moja ya habba sauda, asilimia 47.6, waliopewa mbili, asilimia 66.7, na waliopewa tatu, asilimia 47.8.

Tuyasome matokeo haya kwa insafu. Mwenye kusema habba sauda haina lolote amekosea, ikiwa matokeo haya yatathibitishwa kwa watu wengi zaidi, kwani si jambo dogo mbegu ya jikoni kukaribia hapo. Na mwenye kusema yatosha badala ya dawa amekosea vile vile, kwa sababu katika kila watu kumi waliopata kipimo bora, watatu walibaki na kijidudu chao. Tena hawakupewa habba sauda peke yake, bali pamoja na dawa ya kisasa. Na tazama ya kuwa gramu tatu zilifanya kazi chini ya mbili. Mazoea yetu ya kuongeza kijiko kila dawa inapochelewa hayana msingi.

Asali nayo Mwenyezi Mungu ameitaja katika Sura ya Nahl kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu. Mumini hulisadiki hilo. Lakini kusadiki huko hakumpi ruhusa mtu wa sokoni kutia maji ya sukari katika chupa, akaandika juu yake jina la Sunna, akamuuzia mjane kwa thamani ya mbuzi. Baada ya ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, watu wangapi katika nchi hii wamebaki na mbuzi wa kuchezea?

Na hapa hatutanyamaza. Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) ya kuwa mwenye kujitia utabibu, hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, basi huyo ni dhamini wa atakachokiharibu. Mafakihi wamejenga hukumu juu ya jambo hili katika milango ya fidia. Hapa kwetu dawa huuzwa bila ya muuzaji kujua jina la mti, wala sehemu yake, wala kipimo, na akiulizwa husema ni siri ya babu. Katika nchi mbali mbali zimekutwa dawa za miti zilizotiwa ndani yake vidonge vya kisasa vya maumivu au vya aina ya steroidi, ili mnywaji apate nafuu ya haraka akasifu. Na vidonge hivyo ndivyo vyenye kuchimba vidonda. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili, na iko Bodi ya Famasia na Sumu yenye kazi ya kukagua na kuandikisha dawa. Muulize muuzaji: dawa yako imeandikishwa? Akikukasirikia, umekwisha kupata jawabu.

Mmoja katika wazee wetu wa msikiti alikuwa akiumwa na magoti kwa miaka, akinunua dukani vidonge vya maumivu na kuvimeza asubuhi kabla ya chai. Tumbo likaanza kumuwaka. Akaletewa chupa ya mizizi michungu, akanywa miezi mitatu, na vidonge vya magoti hakuviacha, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kama anavimeza. Choo chake kikawa cheusi kama lami. Akadhani ni rangi ya dawa ya miti, tena aliyemuuzia akamwambia ni uchafu unaotoka. Ilikuwa ni damu. Alipofikishwa hospitali alikuwa hawezi kusimama, na wanawe na majirani wakamtolea damu. Yu hai, alhamdulillahi, na ndiye aliyetuomba tukitaje kisa hiki bila ya jina lake.

Basi zijue alama hizi, na uwafundishe watu wa nyumbani: choo cheusi chenye kunata, kutapika damu au kitu mfano wa unga wa kahawa, maumivu makali ya ghafula yanayolifanya tumbo kuwa gumu kama ubao, na kukonda bila ya sababu. Mwenye moja katika haya hangojei darsa wala mganga, hupelekwa hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku. Wala asichomwe moto tumboni. Twajua ya kuwa kuchoma ni mila kongwe ya wachungaji, lakini Mtume (s.a.w.) ameuchukia moto akawakataza umma wake, na moto wa juu ya ngozi haukifikii kidonda kilicho ndani.

Asiye na alama hizo, lakini tumbo lamsumbua wiki baada ya wiki, na apimwe. Kipimo chema ni cha choo, au cha pumzi pale kinapopatikana. Kile cha tone la damu ya kidole, kinachofanywa katika zahanati nyingi za mitaani, huonyesha ya kuwa mwili uliwahi kupambana na kijidudu. Huendelea kuonyesha hivyo hata baada ya mtu kupona, na kwa sababu yake wako watu wanaomezeshwa dawa mara ya tatu na ya nne bila ya haja. Na kipimo cha choo kisifanywe mpaka zipite wiki nne tangu kumaliza dawa za kuua vijidudu, na wiki mbili tangu kuacha omeprazoli, ama sivyo hudanganya. Akikutwa na kijidudu, atapewa omeprazoli au mfano wake pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, aghalabu kwa siku 14. Amalize zote. Kuacha siku ya tano kwa kuwa maumivu yametulia ni kukifundisha kijidudu kuishinda dawa.

Ama jaad, yaani miraa, tumekwisha kuisema katika mlango mwingine, na hapa twaongeza moja tu: huchelewesha chakula tumboni na humuondolea mtu hamu ya kula, na uchunguzi uliofanywa Yemen uliihusisha na vidonda vya utumbo. Anayetafuna usiku kucha kwa tumbo tupu, juu yake chai nyeusi na sigara, kisha akanunua mizizi ya kulinda tumbo, tumbo hilo amlinde nalo nani?

Maziwa ya ngamia ni riziki yetu, na mwenye kidonda asiyaache. Lakini asiyafanye dawa, kwani maziwa hutuliza moto kwa muda, kisha huliamsha tumbo kutoa tindikali nyingine. Na yachemshwe, kwa ajili ya homa ya maziwa mabichi iitwayo burusela, ambayo ni nyingi katika nchi ya wafugaji.

Limebaki suali la dada yetu. Ameandika ya kwamba amepimwa, ameandikiwa dawa za siku 14, na Ramadhani imemkuta nazo mkononi. Je, aziache mpaka Idi, au aiache saumu? Jawabu ni kwamba Qur'ani imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na mwenye kidonda kinachotoka damu, au aliyeambiwa na tabibu mwaminifu kuwa njaa itamzidishia, ruhusa hiyo ni yake, aichukue bila ya kuona haya. Lakini hali aliyoieleza ni nyepesi kuliko hiyo: hana damu, na dawa zake ni za mara mbili kwa siku. Basi amuulize daktari wake kama aweza kufunga, na akimruhusu, azipange hivi: adhana ya Magharibi ikilia, afungue kwa maji na tende moja, ameze omeprazoli, asali Magharibi na sunna zake bila ya haraka, ipitapo nusu saa ale chakula chake na ameze antibiotiki pamoja nacho. Na wakati wa daku aamke nusu saa mbele ya wenziwe, afanye vile vile. Wallahu aalam.